Nilivyomfuta bibi wa watu nembo

Ilinichukua dakika 11. Nakumbuka kwa sababu kijana mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma yangu, kila mara anatazama saa ya simu. Basi la Newala lilikuwa linaondoka alfajiri, na mimi nilikuwa bado sijawasha hata mashine ya kuchapa.

Alikuja na picha moja tu, tena picha ya picha. Kaipiga kwa simu kutoka kwenye fremu ya ukutani, hata mng'ao wa kioo unaonekana, kisha akanirushia WhatsApp. Bibi yake. Mwaka ulikuwa umetimia tangu azikwe, na ukoo ulikuwa unakwenda kumwombea misa na kujengea kaburi. Alitaka bango la futi 6 kwa 4, fulana 25 na ratiba ya ibada. Juu kushoto nembo ya parokia, juu kulia nembo ya jumuiya. Chini pembeni, kama kawaida yangu, nikaweka nembo ya duka na namba ya simu. Hiyo mteja haagizi, inakuja yenyewe.

"Halafu hapa usoni nisafishie, kaka. Hii michoro itoe."

Michoro yenyewe, aliyekulia Mbagala, huku Dar es Salaam, haulizi ni ipi. Mistari ya rangi ya wino uliokolea, kona juu ya kona, shavu hili na shavu lile, na mmoja unapanda katikati ya nyusi.

Sikuuliza kwa nini. Steshenari haiulizi kwa nini. Natoa chunusi za maharusi, nafungua macho ya waliopepesa, nimewahi kumvalisha suti marehemu aliyepigwa picha akiwa na singlendi. Nikachukua kile kifaa ambacho programu yenyewe inakiita brashi ya kuponya, nikaanza shavu la kushoto.

Bibi akapona.

Usiku kijana alirudi kuchukua mzigo akiwa na shangazi yake, binti wa marehemu, mama wa miaka sitini hivi. Tulilitandaza bango sakafuni. Shangazi akainama, akaliangalia muda mrefu kuliko watu wanavyoangalia mabango.

"Mmemtoa nembo," akasema.

Nikadhani anazungumzia kazi yangu. "Zipo, mama. Ya parokia hii hapa, ya jumuiya hii." Nikamwonyesha kwa kidole, moja moja.

Akanitazama kama unavyomtazama mtoto wa jirani aliyekujibu vibaya bila kujua. Kisha akagusa shavu lake, ambalo halikuwa na alama yoyote.

"Nembo. Za hapa."

Wakalipa. Wakaondoka.

## Ubao wa mlangoni

Juu ya mlango wa duka langu pameandikwa TUNATENGENEZA NEMBO, MIHURI, KADI ZA HARUSI. Niliuandika ubao huo mwenyewe miaka saba iliyopita, na kwa miaka saba hiyo sikuwahi kujiuliza neno la kwanza linatoka wapi. Nembo ni nembo. Ya shule, ya chama, ya kampuni, ya vicoba vya akina mama wa mtaa wa pili ambao mpaka leo wanabishana kama mikono iliyoshikana iwe miwili au mitatu.

Usiku ule nilifungua kamusi. Nembo ina maana mbili, na moja ni hiyo ya ubaoni kwangu: alama rasmi ya kutambulisha chama au serikali. Ya pili ni chale. Alama inayochanjwa usoni au mwilini.

Ya pili kwenye foleni yangu mimi. Kwa umri, ndiyo ya kwanza.

Wamakonde, wa Newala na Tandahimba huku, na wa uwanda wa Mueda ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, wanaziita dinembo. Ukisogea mbali zaidi neno linaanza kuonyesha ndugu zake. Mchewa wa Malawi na Mbemba wa Zambia wakitaka kusema kuandika wanasema kulemba. Ziweke karibu, lemba na nembo, halafu zitamke polepole. Mimi si mwanaisimu, lakini sikio langu halibishi. Na kwa Washona wa Zimbabwe huhitaji hata kusikiliza kwa makini, kwa sababu nyora ni chale za mwilini, na kunyora ni kuandika. Neno lilelile.

(Sisi wa Kiswahili tuliandika kwa njia nyingine. Kuandika kwetu kulikuwa pia kupanga vitu mahali pake, ndiyo maana bado kuna watu wanaoandika meza chakula kikiwa tayari. Wengine waliandika kwenye ngozi, sisi tuliandika sahani.)

Kwa hiyo yule bibi alikuwa ameandikwa. Nami nikamfuta, nikatoza hela.

## Mtu asiyeonekana uso

Kilichonisumbua zaidi ni jinsi neno lilivyohama. Tulipohitaji jina la ile alama ya dola, ile ambayo Waingereza wanaiita, ukitafsiri neno kwa neno, koti la silaha, tulikuwa na maneno mawili mkononi. Moja ni ngao, na hilo linaeleweka, maana alama yenyewe imechorwa kwenye ngao. La pili likawa nembo, na hilo lilitolewa kwenye mashavu ya watu.

Nikaanza kusoma kuhusu hilo koti. Mafundi wa matangazo tuna udhaifu huu: tukishaona alama tunataka kujua nani alichora.

Lilikuwa koti kweli. Karne ya 12, mashujaa wa Ulaya walivaa kitambaa juu ya deraya, na kitambaa kile kikabeba alama ileile iliyokuwa kwenye ngao. Sababu inayotajwa mara nyingi ni ya kawaida kabisa: kofia za chuma zilianza kufunika nyuso, na vitani humjui wako ni nani. Kuna kitambaa kirefu kilichotariziwa, kinajulikana kwa jina la mji wa Bayeux, Ufaransa, kinachosimulia vita vya Hastings vya mwaka 1066. Katikati ya mapigano uvumi unaenea kwamba William, mtawala wa Normandi aliyekuja kuivamia Uingereza, ameuawa. Anafanya nini? Anainua kofia ya chuma, askari wake wauone uso.

Nimeitazama picha hiyo mara nyingi wiki hizi. William hana alama ya kumtambulisha, kwa hiyo inambidi atoe uso.

Miaka isiyofika 100 baadaye, Geoffrey Plantagenet anakufa mwaka 1151, na kwenye bamba la kaburi lake huko Le Mans anaonekana ameshika ngao ya buluu yenye simba wa dhahabu. Mjukuu wake William Longespée alipozikwa Salisbury mwaka 1226, sanamu yake ilishika ngao yenye simba walewale. Babu kamwachia mjukuu. Hapo mambo yalikuwa yameshageuka: uso unaweza kukaa ndani ya chuma, ngao itakusemea.

Na watu waliigombania. Mwaka 1385 jeshi la Uingereza likielekea Scotland, Richard Scrope alimkuta Robert Grosvenor amevaa ngao sawa na yake, uga wa buluu na mkanda wa dhahabu uliokatiza mshazari. Kesi ilichukua miaka. Mashahidi ni mamia, na mmoja wao ni mshairi Geoffrey Chaucer, aliyesema kwamba siku moja akipita Friday Street, London, aliona bango limening'inizwa nje ya nyumba ya wageni. Akauliza, hawa walioweka alama ya Scrope hapa ni akina nani? Akajibiwa kwamba si ya Scrope, ni ya mtu anaitwa Grosvenor. Nilicheka peke yangu dukani. Mabango yametuletea kesi tangu zamani.

Mwaka 1390 Mfalme Richard wa Pili alilimaliza: mkanda ni wa Scrope. Akina Grosvenor hawakusahau. Karibu miaka 500 baadaye mmoja wao, Duke wa Westminster, alimpa farasi wake wa mashindano jina la mkanda ule uliopotea mahakamani, Bend Or, na farasi akashinda mbio za Derby za 1880.

Karne tano za kinyongo kwa ajili ya mkanda wa rangi. Mimi nilifuta mistari isiyopungua 20 kwa dakika 11, na hakuna aliyenishtaki.

## Makombamoyo

Kuna alama moja katika ngao za Ulaya iliyonifanya nirudi kwenye picha ya bibi. Wanaiita chevron. Ni V iliyopinduliwa, kilele juu, miguu miwili chini. Neno ni la Kifaransa na asili yake ni ujenzi wa nyumba: mbao mbili za paa zinazokutana juu. Sisi tungesema makombamoyo. Mtu aliyeona paa akalichora kwenye ngao, na kutoka kwenye ngao likashuka hadi kwenye mkono wa askari. Hata hapa kwetu ukimwona koplo ana V mbili na sajini ana V tatu, unayatazama makombamoyo ya Ulaya yaliyosafiri mbali.

Bibi alikuwa nazo. Moja ndani ya nyingine, kila shavu. Nilipokuwa nafuta niliziona kama zigizaga, na zigizaga kwa brashi ni kazi ngumu kuliko mstari ulionyooka, kwa sababu kila kona inabeba kivuli chake.

Sisemi kwamba mashavu ya Mueda na ngao za Normandi zina ukoo mmoja. Mtu yeyote mwenye kisu na mkono usiotetemeka atafika kwenye kona ile. Ila tofauti ya gharama ndiyo inayonirudia. Mtu wa Ulaya alilipa fundi rangi. Mmakonde alikaa chini ya fundi mwenye kisu kidogo kiitwacho chipopo, akachanjwa, jeraha likasuguliwa masizi ya mbarika, likapona na rangi ndani. Na mara moja haikutosha. Ulirudi ukachanjwa palepale ili mstari ukolee. Tumboni na mgongoni waliweza kuchora buibui na mijusi, lakini uso ndio uliosomwa na kila mtu.

Wachongaji wa mapiko, vile vinyago vya ngoma za Kimakonde, walilijua hilo. Kinyago cha mbao walikiwekea nembo kwa nta ya nyuki, mistari imeinuka juu ya shavu la mti, kwa sababu uso bila nembo usingekuwa uso wa mtu wa kwao. Kipande cha mti kilipewa nembo ili kiwe mtu.

Mimi nilikwenda kinyume.

## Wawili walioshika ngao

Ningeweza kuishia hapo nikajipiga kifua, makala ikapendeza. Lakini kuna mambo hayakai sawa.

La kwanza. Wiki ya pili nilifungua faili la ngao ya taifa letu, ninalo kwa ajili ya kazi za halmashauri. Unaijua: mwenge juu, bendera, shoka na jembe, mawimbi, mkuki, pembe mbili za ndovu pembeni, mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya Kilimanjaro, mkarafuu kwa mwanamume na mpamba kwa mwanamke, chini Uhuru na Umoja. Sheria ya Nembo za Taifa ni ya 1971 na inailinda. Niliwakuza wale wawili mpaka wakapasuka vipande vya mraba.

Nyuso zao hazina kitu.

Nilikasirika kidogo, kisha hasira ikaisha. Ungewachanja nembo ya nani? Ya Kimakonde, halafu Wagogo waseme nini? Nchi ya makabila zaidi ya 120 inayotaka iwe moja haiwezi kuanza na shavu. Ilibidi neno livuliwe kwenye ngozi ndipo liweze kuvaliwa na wote. Ninaelewa. Mimi mwenyewe ni mtu wa Tanga, mke wangu ni wa Songea, na watoto wetu wangechanjwa upande upi?

La pili. Kuna simulizi utakayoambiwa ukiuliza kuhusu nembo: kwamba watu walijichanja wasipendeze machoni pa wafanyabiashara wa utumwa. Niliiamini tangu utotoni. Sasa siiamini, angalau si yote. Mtu anayetaka kujichukiza harudi kwa fundi mara ya pili na ya tatu ili kona zilingane. Simulizi hiyo inatufaa sisi wengine: inatuwezesha kusema kwamba ilikuwa ni lazima, na kwa kuwa lazima imekwisha, basi na nembo ziishe kwa amani. Shule za misheni zilisema hivyo kwa njia yao. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, chama kilichoshika dola, FRELIMO, nacho kilizipiga vita mila za namna hii, kikitaka raia mpya. Na sisi shuleni tulikuwa na majina tuliyowaita wazee wale. Sitayaandika. Niliyacheka pamoja na wenzangu, ndiyo maana nilipoambiwa "itoe" mkono haukusita.

La tatu ni la Kwale, pwani ya Kenya. Wamakonde waliovuka kutoka Msumbiji kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya Kenya walizaa na kujukuu huko bila vitambulisho. Oktoba 2016 walianza safari ya miguu kwenda Nairobi kumwona Rais, na mwaka uliofuata wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Fikiria mzee katika msafara ule. Usoni kaandikwa ni nani, tangu ujanani, wala haifutiki kwa jasho wala mvua. Na bado kila ofisi aliyoingia alikuwa hajulikani, kwa sababu ofisi inasoma nembo iliyo kwenye karatasi.

Hapo ndipo nilipoacha kujua nilikosa nini hasa. Kijana wa watu alitaka bibi yake asomeke mjini. Angezivaa zile fulana Mbagala, kwenye daladala, kazini. Yeye ndiye angejibu maswali, si mimi.

## Jumamosi

Shangazi alirudi Jumamosi iliyopita. Peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeshafunga hesabu?"

Nikamvutia kiti. Alitaka picha moja ya mama yake, saizi ya A4, ya kuweka kwenye fremu. Ile ya ukutani kule Newala mchwa walikuwa wameshaanza nayo.

"Ile yenyewe," akasema. "Ya mwanzo."

Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeiandaa hotuba hiyo kwa wiki tano, nikaanza na kamusi, nikafika kwenye masizi ya mbarika. Akanisikiliza mpaka nikachoka mwenyewe.

"Mwanangu, mama yangu ndiye aliyenikataza mimi," akasema. "Wenzangu wawili walichanjwa, nikalia, na mimi nataka. Akaniambia, wewe umeshaingia shule, uso wako uache hivyohivyo. Mwenye nembo mwenyewe kasema."

Sikuwa na la kujibu.

"Na huyu mtoto sikumkasirikia. Anaishi na watu. Ila mimi picha nyingine sina. Nikitaka kumwona, nitamwona wapi?"

Faili langu lilikuwa ni lile lililosafishwa; nilihifadhi juu ya la zamani, kosa la mwanagenzi. Bahati ni kwamba simu ya duka haifuti mazungumzo. Nikapandisha juu, juu, zaidi ya maagizo ya wiki tano, kadi za harusi, mihuri, nembo ya vicoba yenye mikono mitatu, mpaka nikaikuta. Mng'ao wa kioo, kona juu ya kona. Nikaondoa mng'ao tu. Kwenye shavu la kushoto mng'ao ulikuwa umekaa juu ya mistari miwili, ikabidi niirudishie kwa mkono, kona kwa kona, nikiitazama ya shavu la kulia. Ile ndiyo iliyonichukua muda. Shangazi alisogeza kiti, akawa ananiambia: hapo panda kidogo. Hapo rudi. Hapo acha.

Ikatoka kwenye mashine ikiwa bado na joto. Akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akaridhika. Halafu akaweka kidole chini, pembeni kulia.

"Na hii nini?"

"Hiyo nembo ya duka, mama. Tunaiweka kwenye kila kazi."

"Itoe," akasema.

Nikaitoa, nikachapa nyingine.